Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Wadudu Huzingira Taa?

Tangu mvua za Novemba zilipoanza kunyesha katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: taa ya usiku inamfanya nini mdudu, samaki, ndege au mnyama anayeiona? Swali hili ni la maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu umeme na taa za sola zimefika katika vijiji vingi ambavyo zamani vilikuwa na giza tupu baada ya jua kuzama, na viumbe vinavyoishi humo havikupata muda wa kuzoea. Nimechagua barua saba na kuzijibu kwa kadiri nafasi inavyoruhusu.

SWALI: Nina duka la rejareja hapa Makambako na nimefunga taa moja kubwa juu ya mlango. Kila ikifika saa moja na nusu usiku wanajaa wadudu, nondo kwa mbawakawa, wanazunguka mpaka wanaanguka, na asubuhi ninawazoa kwa koleo. Jirani yangu anasema wanafuata joto. Mwalimu mmoja wa sekondari ameniambia wanadhani taa ni mwezi. Nani amesema kweli? — Mfanyabiashara, Makambako

JIBU: Ndugu yangu, wote wawili wamesema yaliyosemwa kwa miaka mingi, lakini hakuna kati yao aliyefika kwenye kiini cha jambo.

Nianze na joto. Kama wadudu wangekuwa wanafuata joto, balbu za LED ambazo hutoa joto kidogo sana mbele yake zisingewavuta, na wewe mwenyewe ni shahidi kwamba zinawavuta. Isitoshe, mwanga unaowakusanya kwa wingi zaidi ni ule wa urujuanimno, ambao jicho la binadamu halioni kabisa, wakati mionzi ya joto iko upande wa pili kabisa, kupita mwanga mwekundu.

Hoja ya mwezi ina uzito zaidi. Wanaoishikilia husema kwamba mdudu hushika njia iliyonyooka kwa kuuweka mwezi upande mmoja wa mwili wake, na kwa kuwa mwezi uko mbali mno, upande huo haubadiliki hata akisafiri usiku kucha. Akiichukua taa iliyo karibu badala ya mwezi, upande hubadilika kila anapopiga mbawa, na analazimika kukata kona hadi anajikuta anaizunguka. Ni kweli kwamba wapo wadudu wanaotumia mwanga wa mbinguni kushika njia. Mbawakawa wa Afrika Kusini wanaoviringisha madonge ya kinyesi hufanya hivyo, na mwaka 2013 mtafiti Marie Dacke na wenzake walionyesha kwamba usiku usio na mwezi mbawakawa hao huongozwa na ule mkanda mweupe wa nyota unaokatisha mbingu. Watafiti waliwavalisha vikofia vidogo vya karatasi ngumu ili wasione juu, na mbawakawa waliovishwa walipoteza mwelekeo na kutembea ovyo. Hata hivyo, mbawakawa hao wanatembea ardhini na wana safari maalumu ya kuondoa donge lao lisiporwe na wengine. Wadudu wanaojaa mlangoni kwako ni wa kila aina, wengine wasio na safari yoyote ya mbali, na wanakuja hata usiku ambao mwezi haupo. Tena, hoja ya mwezi haielezi kwa nini mdudu anayepita juu ya taa hugeuka chali ghafla na kuanguka.

Jibu lililonishawishi lilichapishwa Januari 2024 na watafiti waliotumia kamera za kasi kubwa, baadhi yao katika maabara ya Imperial College jijini London na wengine usiku katika misitu ya Costa Rica. Waliwafuatilia nondo, kereng'ende na wadudu wengine wakiruka karibu na taa, na picha zilipopunguzwa mwendo zilionyesha kwamba ni nadra mdudu kuelekea kwenye taa moja kwa moja. Alichokuwa akifanya ni kuigeuzia taa mgongo. Taa ikiwa kushoto kwake, analalia upande ili mgongo utazame kushoto. Taa ikiwa chini yake, anapinduka mzima mzima.

Sababu yake ni ya zamani sana. Kwa mamilioni ya miaka, hata usiku wa giza nene, anga imekuwa na mwanga kuliko ardhi. Mdudu arukaye ni mwepesi mno, na mizunguko yake ya ghafla humvuruga kiasi kwamba hawezi kutegemea uzito wa mwili wake kumjulisha chini ni wapi. Kwa hiyo amejengwa na kanuni moja rahisi: penye mwanga ndipo juu, na mgongo uelekee huko. Kanuni hiyo haikuwahi kumdanganya mpaka binadamu alipowasha taa na kuitundika mlangoni. Akipita ubavuni mwa taa, mwili unainama, na mbawa zinazopaswa kumwinua juu zinamsukuma upande wa taa. Akijaribu kuendelea na safari anakata kona nyingine, na nyingine, mpaka anakuwa anazunguka pale pale. Hapendi taa wala haiabudu, ila mwili wake unaongozwa na mbingu ya uongo.

Unaweza kulitazama jambo hili mwenyewe bila kamera. Tandika shuka jeupe uani, weka juu yake taa inayotazama juu, kisha kaa pembeni kwa utulivu. Utaona nondo anakuja akiruka vizuri, na anapofika juu ya shuka linalong'aa anapinduka chali na kudondoka kana kwamba amekatwa kamba. Watafiti wa Costa Rica walifanya jaribio la namna hii, kisha wakalitundika shuka juu na kulimulika ili mwanga utawanyike kutoka juu kama anga; wadudu wakapita chini yake wakiwa wamenyooka.

Uchunguzi huo unaeleza mambo ya mita chache kuzunguka taa, na wapo wadudu ambao hawakufuata kanuni hiyo, wakiwamo vijinzi vidogo vya matunda. Aidha, watafiti wa Ujerumani waliowafunga nondo vifaa vidogo vya rada waligundua kwamba ni wachache mno walioishia kwenye taa za barabarani zilizokuwa karibu nao, ingawa wengi wa wale wengine walivurugikiwa na mwendo. Kwa hiyo wale unaowazoa asubuhi ni sehemu tu ya walioathirika, na hili ndilo linalonisikitisha zaidi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Njombe. Kwa nini kumbikumbi hutoka baada ya mvua za kwanza tu, na kwa nini hukimbilia taa kisha hudondosha mbawa zao?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kumbikumbi ni mchwa wa kiume na wa kike waliokomaa, ambao kazi yao ni kuanzisha vichuguu vipya. Wenzao wafanyakazi na askari huishi gizani na wengi wao ni vipofu, lakini kumbikumbi wamepewa macho kamili kwa ajili ya safari hii moja. Husubiri kichuguuni mpaka mvua iloweshe udongo, kwa sababu udongo mkavu hauchimbiki na hewa kavu ingewakausha. Vichuguu vingi hufungua milango yao siku ile ile, na hapo faida ni mbili: wanapata wenzi kutoka vichuguu vingine, na ndege, vyura, popo na binadamu wenye mabeseni hawawezi kuwamaliza wote.

Aina zinazotoka jioni huruka kuelekea penye mwanga, yaani juu, mbali na udongo waliotoka. Taa ya nyumbani ikiwapo jirani, huwavuruga kama inavyowavuruga nondo, na ndiyo maana beseni la maji chini ya balbu hujaa kwa muda mfupi. Ukitaka kuona jambo la ajabu zaidi, mfuate kumbikumbi mmoja aliyekwisha kutua. Atatikisa mbawa zikatike kwenye mstari dhaifu uliopo karibu na kiwiliwili, kisha dume na jike watafuatana, huyu nyuma ya huyu, wakitafuta ufa wa kuingia. Kuanzia hapo wanaukimbia mwanga. Mdudu yule yule aliyekuwa akiuelekea nusu saa iliyopita sasa anajificha chini ya jani, chini ya jiwe, popote penye giza, na jozi itakayofanikiwa kuchimba haitatoka nje tena. Jike atakuwa malkia atakayetaga maelfu ya mayai kwa siku.

Kwa hiyo, mkishakusanya wa kukaanga, zimeni taa ya nje, maana wale wanaoendelea kuzunguka balbu mpaka usiku wa manane hawapati wenzi wala shimo.

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni mama lishe, ninauza chakula cha usiku stendi ya Mafinga. Wadudu wananiingilia kwenye sufuria na wateja wanalalamika. Ninunue balbu ya namna gani? Na je, kile kifaa chenye mwanga wa bluu kinachowachoma wadudu kwa umeme kitanisaidia na mbu? — Mama lishe, Mafinga

JIBU: Dada yangu, macho ya wadudu wengi huona vizuri zaidi urujuanimno, bluu na kijani, na huona hafifu sana mwanga wa njano iliyokolea na nyekundu. Taa ndefu za tyubu hutoa urujuanimno kiasi. Balbu nyeupe za LED haziutoi kwa kiwango cha maana, lakini zina bluu nyingi. Unapokwenda dukani, soma namba iliyoandikwa kwenye boksi ikifuatiwa na herufi K. Balbu iliyoandikwa 6500K ni nyeupe yenye ubluu na itawakusanya; iliyoandikwa 2700K au 3000K ina mwanga wa njano na itakuletea wadudu wachache zaidi. Haitawaondoa wote.

Mahali pa kuifunga taa pana uzito uleule, pengine zaidi. Usiining'inize juu ya meza ya chakula. Ifunge mbali kidogo, upande ambao upepo hautokei, na uiwekee kofia inayoelekeza mwanga chini, ili isionekane kutoka mbali wala kutoka juu. Kama jirani yako ana taa nyeupe kali, wadudu wengi wataishia kwake. Hilo mtalimaliza wenyewe kwa mazungumzo.

Kuhusu kile kifaa cha bluu, nakushauri usipoteze fedha zako. Mbu jike anayetafuta damu huongozwa na hewa tunayopumua, harufu ya mwili na joto la ngozi, na taa ina nafasi ndogo sana katika safari yake. Huko Delaware, Marekani, watafiti waliwahesabu wadudu waliouawa na vifaa vya aina hiyo katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996: kati ya wadudu 13,789, wanaouma walikuwa 31 tu. Waliobaki walikuwa viumbe wasio na hatia, wakiwamo wale wanaokula wadudu waharibifu. Hata mitego ya taa inayotumiwa na watafiti wa malaria, kwa mfano wale wa taasisi ya afya ya Ifakara, hutundikwa pembeni mwa mtu aliyelala ndani ya chandarua, kwa kuwa mtu huyo ndiye hasa anayewaita mbu.

Kuna mdudu mmoja anayevutwa na taa ambaye ningependa umfahamu: mwembamba, mrefu kama punje ya mchele, mwenye milia ya rangi nyekundu na nyeusi, na hujitokeza kwa wingi wakati wa mvua. Haumi, lakini akipondwa juu ya ngozi hutoa sumu inayoleta malengelenge siku moja au mbili baadaye. Akikutua shingoni usimpige. Mpulize aondoke, kisha nawa kwa sabuni.

SWALI: Mwalimu, sisi wavuvi wa usipa hapa Kyela tunakwenda ziwani na taa, na mbalamwezi ikikolea tunapumzika. Vijana wananiuliza kwa nini samaki hufuata taa lakini hawaufuati mwezi, na mimi nimekosa jibu la kuwapa. — Mzee wa mwaloni, Kyela

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Swali la vijana wako ni zuri, na sehemu ya jibu unayo tayari kwa uzoefu wako.

Usipa hupatikana Ziwa Nyasa peke yake duniani, na chakula chake ni vijidudu vidogo sana vinavyoelea majini. Vingi kati ya hivyo, pamoja na mabuu ya wale inzi wa ziwani wanaopanda angani kama moshi, hushuka kilindini mchana ili wasionekane na wanaowawinda, na hupanda juu usiku kujilisha. Samaki huwafuata. Usipa huwinda kwa macho, na usiku wa giza haoni vizuri. Mnapowasha karabai au taa ya sola, mnamfungulia duara dogo la maji ambamo anaweza kuona anachokula, na vilevile kuwaona wenzake na kukaa nao katika kundi. Ndiyo sababu huja taratibu, kwanza pembezoni mwa duara, kisha ndani, na ndiyo sababu wavuvi wenye subira hawatupi wavu mapema.

Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima limemulikwa. Usipa anaona popote alipo, hana haja ya duara lenu, na taa yenu haitofautiani sana na maji yaliyoizunguka. Isitoshe, vile vijidudu husita kupanda juu kabisa usiku wenye mwanga, na samaki hubaki nao chini zaidi. Kwa hiyo nguvu ya taa ni tofauti iliyopo kati yake na giza, na giza likipungua, taa nayo hupungukiwa.

Nina ombi moja. Taa za LED za siku hizi ni kali na bei yake imeshuka, na kuna kishawishi cha kuongeza nyingine na nyingine. Kila mtumbwi ukiongeza taa, tofauti kati ya mtumbwi na mtumbwi inarudi pale pale, gharama imepanda, na vifaranga wa samaki wengine wanaovutwa na mwanga huo wanaingia katika nyavu zenye matundu madogo. Ninyi wazee wa mwaloni ndio mnaosikilizwa katika jambo hili.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori, ninapita kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Usiku, hasa pale Mikumi, swala husimama katikati ya barabara wakiikodolea macho taa badala ya kukimbia. Ni ujinga au ni nini? Na kwa nini macho yao yanawaka? — Dereva, Mbeya

JIBU: Ndugu dereva, si ujinga hata kidogo. Jicho la swala usiku limefunguka kwa ukamilifu ili kukusanya mwanga kidogo uliopo. Taa kali inapolipiga, kemikali zinazopokea mwanga hutumika zote kwa mara moja, na kwa muda haoni chochote zaidi ya weupe. Hajui gari liko umbali gani wala linakwenda kasi gani. Mnyama asiyeona mahali pa kukimbilia husimama tuli, na mbele ya chui tabia hiyo imewaokoa mababu zake mara nyingi.

Macho huwaka kwa sababu nyuma ya jicho kuna utando unaourudisha mwanga ili upite mara ya pili mahali pa kuonea. Ng'ombe, mbuzi, mbwa, paka na komba wanao. Binadamu, nyani na nguruwe hawana, kwa hiyo usitegemee kumwona nguruwe wa mwanakijiji kwa mng'ao wa macho.

Punguza mwendo kabla hujawafikia, shusha taa kubwa ziwe ndogo, na subiri kidogo macho yao yarudi. Akivuka mmoja, hesabu kwamba wengine wanafuata.

SWALI: Usiku wenye ukungu, hapa kwenye kiwanda cha chai, ndege wengi wadogo hujigonga kwenye madirisha yaliyowashwa taa. Wazee wanasema ni ishara mbaya. — Mfanyakazi, Mufindi

JIBU: Hakuna ishara yoyote hapo, kuna ndege waliopotea. Ndege wengi wanaohama husafiri usiku, wakiongozwa na nyota na nguvu ya sumaku ya dunia. Ukungu ukifunika anga, nyota hazionekani, na taa yenu, ikitawanywa na matone ya maji hewani, huwa kuba kubwa la mwanga ambalo ndege akishaingia hujikuta amezungukwa na giza na hathubutu kutoka. Katika hoteli ya Ngulia, Tsavo Magharibi nchini Kenya, jambo hili linafahamika sana, na tangu mwaka 1969 wataalamu hukusanyika huko nyakati za ukungu mwishoni mwa mwaka ili kuwakamata na kuwavisha pete ndege wanaotoka Ulaya na Asia.

Mwombeni msimamizi azime taa ambazo hazina kazi na afunge mapazia usiku wa ukungu. Ndege aliyezubaa muweke kwenye boksi lenye matundu, pasipo na mwanga wala kelele, na umwachie asubuhi.

SWALI: Ninalima mahindi Mbozi na viwavijeshi vamizi wananitesa. Kwa kuwa nondo hufuata taa, je, nikiweka taa ya sola yenye beseni la maji katikati ya shamba, sitawamaliza? — Mkulima, Mbozi

JIBU: Ndugu mkulima, naelewa uchungu wako, kwa maana tangu mdudu huyu alipoingia nchini mwetu mwaka 2017 amewatia hasara wakulima wengi wa nyanda zetu. Ni kweli utawakamata nondo kadhaa. Lakini nondo huyu anaweza kusafiri hadi kilomita 100 kwa usiku mmoja kwa msaada wa upepo, na kila unayemuua nafasi yake itachukuliwa na mgeni. Wengine watavurugwa na taa bila kuingia kwenye beseni, na jike aliyevurugwa akatua shambani mwako hutaga mayai hapo hapo alipo. Papo hapo beseni lako litajaa wadudu wanaokula mayai na viwavi hao, ambao nao huruka usiku, na hao ni vibarua wako wasiolipwa.

Mtego unaofaa kwa kazi hii ni ule wa harufu, wenye kidonge kinachonukia kama nondo jike. Huwaleta madume wa aina moja tu. Hautawamaliza, kwa kuwa majike hawauingii, lakini utakujulisha kwamba nondo wamefika, na hapo ndipo uanze kulikagua shamba mara mbili kwa wiki. Afisa ugani wako, au wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, wanaweza kukuelekeza pa kuupata na namna ya kuutundika.

Taa unayoihitaji wewe ni tochi ya mkononi. Viwavi hujificha ndani ya moyo wa mhindi jua linapokuwa kali, na hutoka zaidi jioni na alfajiri. Pita kati ya mistari nyakati hizo, mulika majani machanga kutoka juu, na tafuta vijidirisha vyeupe vilivyokwanguliwa na viwavi wadogo. Ukiviona katika mimea mingi, chukua hatua wiki hiyo hiyo, kwa sababu kiwavi akishakua huziba njia ya kuingilia kwa kinyesi chake na dawa haimfikii tena.